Kusomea AI ukiwa ughaibuni: anza na kozi za bure, halafu ndo uulize ada

Kila tukikutana huku Uingereza, iwe harusini au msibani, hakosekani mtu wa kuniuliza, hivi hii AI, yaani akili mnemba, na mimi naweza kuisomea au ni ya watoto wa kompyuta tu? Unaweza. Na kuna upande wake mzima ambao hauhitaji uwe fundi wa programu, upande wa AI inavyogusa maisha ya watu, yaani ajira, ubaguzi, sheria, faragha, lugha. Sisi wabeba boksi huo upande tunauishi. Mi nalea wazee, zamu napangiwa na apu, ukilalamika unaambiwa mfumo ndo umepanga. CV unaituma saa sita usiku, saa sita na dakika nne umeshajibiwa hapana, sasa nani kaisoma?

Fanya jaribio dogo. Fungua programu yoyote ya kutafsiri, andika "yeye ni daktari, yeye ni nesi" uipeleke kwenye Kiingereza. Mi nilipojaribu mara ya kwanza daktari akatoka mwanaume, nesi akatoka mwanamke, wakati "yeye" yetu haina mume wala mke. Siku hizi baadhi zinakupa majibu yote mawili, ila pale ndo nilielewa kwamba mashine imejifunza kwa maandishi ya watu ikabeba na mazoea yao. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini wa chuo cha MIT cha Marekani na Timnit Gebru walipima programu za makampuni zinazotambua jinsia ya mtu kwa kuangalia sura, wakakuta kwa wanawake wenye ngozi nyeusi zinakosea mpaka asilimia 34.7, kwa wanaume weupe haikuzidi asilimia 0.8. Masomo ninayoyazungumzia ni ya namna hiyo.

Usianze na kulipa. Nasema hivi kwa uchungu maana kwenye magrupu ya WhatsApp kuna watu wanauza vyeti vya AI vya wiki mbili kwa hela ya kodi ya nyumba, na ndugu zetu wanalipa. Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland tangu 2018 kina kozi inaitwa Elements of AI, bure kabisa, popote ulipo, na cheti bure, na zaidi ya watu milioni moja wameshajiandikisha. Ina sura 6, unasoma kwa simu ukiwa kwenye basi, na maswali mengine unaandika kwa maneno yako halafu wanafunzi wenzako ndo wanakusahihishia. Sura ya 3 ina hesabu za uwezekano, pale wengi wanakimbia, we kaa nayo hata siku tatu, chukua karatasi na peni, inaeleweka. Sura ya 6 ndo inagusa jamii. Ukimaliza nenda kwenye kozi nyingine ya chuo hichohicho, Ethics of AI, nayo bure, sura 7: nani alaumiwe mashine ikikosea, haki za binadamu, usawa, uwazi. Hii mi niliipenda kuliko ile ya kwanza. Kama unataka kujaribu na kuandika programu, chuo cha Harvard wana kozi ya CS50 ya AI kwa lugha ya programu ya Python, kujifunza bure, lakini uwe umeshagusa programu kidogo.

Ukiona moyo bado uko huko ndo uangalie shahada. Hapa Uingereza Cambridge wana shahada ya uzamili ya maadili ya AI na jamii, miaka 2, unasoma huku unafanya kazi, unaenda chuoni kwa vipindi vifupi tu. Edinburgh nao wana ya maadili ya data na AI ambayo unaweza kuisoma mtandaoni. Ada zao zinauma, siwafichi, kwa hiyo kabla ya kuomba jua kwanza unahesabiwa mwenyeji au mgeni, tofauti ni kubwa mno. Ukiwa na ukaazi wa kudumu na umeishi hapa miaka 3 mlango wa ada ya mwenyeji na mkopo wa serikali kwa kawaida unafunguka, aliyepewa hifadhi ya ukimbizi ana njia yake nafuu zaidi. Na dada yangu, kaka yangu, kozi ya mtandaoni haikupi viza ya mwanafunzi, asikudanganye mtu.

Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Marekani ukiwa na green card jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kusomea, anzia chuo cha jamii cha karibu na nyumbani. Walioko Ghuba, Abu Dhabi kuna MBZUAI, chuo cha AI kilichoanzishwa 2019 ambacho kinatoa ufadhili mzito kwa wanafunzi wake, lakini pale hesabu iwe imekaa sawasawa kichwani.

Barua ya maombi ndo wengi tunaiharibu. Usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda teknolojia. Andika ulichokiona kwa macho yako: apu ya zamu, simu isiyoelewa lafudhi ya mama yako, au wale vijana wa Nairobi ambao gazeti la Time liliandika Januari 2023 kwamba walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji ili ChatGPT isiyateme. Anayesoma fomu amechoka na maneno makubwa, jambo moja ulilolishuhudia litamfanya asimame.

Halafu transkripti, ile karatasi ya matokeo yako ya chuo, hii iombe leo hata kama hujachagua chuo. Mdogo wangu yuko Canada, WES, shirika linalokagua vyeti vya nje, walitaka matokeo yake yatoke chuoni moja kwa moja, kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri pale inapofungiwa. Shangazi akaenda kuifuatilia Dar, foleni siku mbili, akaipata, kisha kwa mapenzi yake akaifungua ampigie picha amtumie WhatsApp ajue imepatikana. Basi, ikawa haifai tena, ada ya kuomba upya, miezi miwili mingine, na muhula ukampita. Kwa hiyo mpigie unayemtuma, mwambie kwa mdomo, usiandike meseji tu: mama, bahasha isifunguliwe, hata kona, chuo chenyewe kiitume, we nitumie picha ya risiti inatosha.