Kiroba kimoja cha mabaki makavu: somo kwa nyumba zenye wapangaji juu na ofisi chini

Wanakikundi, salaam. Wengi mmeuliza kuhusu mtindo wa kutia mabaki yote ya kurejelezwa kwenye chombo kimoja, badala ya kupanga mapipa manne ya rangi rangi. Somo hili nimeliandika nikifikiria zile nyumba za Chumbageni na Ngamiani, hapa Tanga, ambazo chini kuna ofisi au maduka na juu wanaishi wapangaji. Hapo mapipa manne hayadumu. Korido ni nyembamba, na haipiti wiki utakuta maganda ya machungwa ya Muheza kwenye pipa la karatasi.

Mtindo huu ulishika kasi Marekani, hasa California, miaka ya 1990. Kule lori linamwaga kila kitu kiwandani. Sumaku inanyakua makopo ya chuma, mtambo mwingine unarusha aluminiamu pembeni, kamera zinatambua aina za plastiki. Hata hivyo waliumia: China, iliyokuwa ikinunua mabaki yao, ilipokaza masharti mwaka 2018, ikataka uchafu ndani ya mzigo usizidi asilimia 0.5, shehena nyingi zilikosa pa kwenda. Sasa sisi mitambo hiyo hatuna, kwetu kazi yote inafanywa na mikono ya mtu. Ndiyo maana nashikilia sharti moja kuliko mengine yote: changanya upendavyo, mradi ni kikavu na kikavu. Chenye majimaji kisiguse kiroba.

Hatua ya kwanza: mtafute mnunuzi kabla ya kununua kiroba. Nenda kwa wanunuzi wa chupa na skrepa walio karibu nawe, uliza wanachukua nini, kwa kilo ngapi, na kama wanakuja na guta au mpeleke wenyewe. Asichonunua mtu yeyote kitajaa stoo, mwisho kiende dampo kikiwa kimeshawachosha.

Hatua ya pili: vyombo viwili, vikae pamoja. Ndoo yenye mfuniko kwa taka mbichi, yaani machicha ya nazi, maganda, matumbo ya samaki wa soko la Deep Sea. Pembeni yake kiroba chenyewe, yaani salfeti ya mabaki makavu, mdomo wake umefungwa kwa kamba ya mkonge kwenye fremu ya mbao ili ubaki wazi. Ukiziweka mbalimbali, mtu atatupia kwenye iliyo karibu, hata umbandikie matangazo ukuta mzima. Kwa upande wa ofisi, ondoeni vile vikapu vya chini ya kila meza. Mtu akilazimika kusimama, anakumbuka anachotupa.

Hatua ya tatu: kinachoingia na kisichoingia. Zinaingia chupa za maji na soda (tazama namba 1 chini ya chupa), madumu na chupa za shampuu (mara nyingi namba 2), beseni na ndoo zilizopasuka, makopo, karatasi, maboksi yaliyobanwa. Haviingii pampasi, sindano, betri, makopo ya dawa ya mbu yenye gesi, wala karatasi iliyolowa mafuta ya chipsi. Kioo pia hakiingii, najua wengi watanibishia. Kikivunjika, vipande vinajificha kwenye karatasi na anayechambua ndiye anayekatwa. Chupa za soda na bia zirudi dukani kwenye kreti zake, kioo kingine kiwe na boksi lake.

Hatua ya nne: suuza kidogo. Usipoteze maji safi, yale ya kusuuzia vyombo yanatosha. Mimina kilichobaki, kung'uta, kausha, bonyeza chupa hewa itoke, halafu funga kifuniko. Kifuniko hakina shida: chupa zikishasagwa na kutiwa majini, chembe za kifuniko zinaelea na za chupa zinazama, hapo zinatenganishwa.

Hatua ya tano: siku ya kuchambua. Hapa ndipo mpango unaposimama au kuanguka. Tandikeni turubai kivulini, mwageni kiroba, mtu mmoja au wawili watenge mafungu: chupa angavu, chupa za rangi, plastiki ngumu, makopo, karatasi. Kopo la aluminiamu lijaribuni kwa sumaku. Isiponata, liwekeni peke yake, kwa sababu kilo yake ina bei kubwa kuliko ya chuma. Anayechambua apewe glavu nene na viatu vya kufunika mguu, na alipwe. Nasema alipwe, si apewe soda. Nyumba nyingi zinamwachia dada wa kazi au mlinzi kama nyongeza ya kimyakimya, kisha zinashangaa kiroba kinakaa mpaka kinaota panya.

Hatua ya sita: pesa. Pimeni kwa mzani wenu wa kuning'iniza kabla mnunuzi hajafika, muandike kwenye daftari linaloonwa na wapangaji na watu wa ofisi. Mtolee kwanza mchambuaji, kinachobaki mkubaliane. Msitegemee utajiri, plastiki ni nyepesi mno.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo mwalimu. Kuna kijana anaokota makopo kwetu Makorora kila asubuhi. Si tutamkatia riziki?*
Marahaba mwanangu. Mwiteni yeye ndiye achambue. Kazi anaijua kuliko sisi sote, na atapata mzigo mkavu badala ya kufukua jalala.

*Ofisi yetu ina nyaraka za siri. Tukizipitisha kwenye mashine ya kukata, bado zinafaa?*
Zinafaa, ila nyuzi za karatasi zinakuwa fupi na thamani inashuka. Zikateni zile za siri tu, mzifunge ndani ya boksi, zisitawanyike kirobani. Nyingine ziachwe nzima.

*Dada, mifuko mbadala tuliyoanza kutumia baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019 ni kitambaa au karatasi?*
Si kimoja wala kingine, mdogo wangu. Mingi ni plastiki iliyofanywa ionekane kitambaa. Usiichanganye na karatasi. Itumie tena na tena, ikichakaa muulize mnunuzi wako kabla ya kuitia kirobani.

*Masika je? Huku Pongwe mvua ikianza hakuna kinachokauka.*
Pandisheni kiroba juu ya matofali, chini ya paa, na karatasi muiuze mapema isisubiri kujaa. Karatasi iliyolowa inaongeza uzito, lakini mnunuzi si mjinga, atakata kilo na kuwakatia hata zilizo kavu.

*Kwa nini tusichome tu? Baba mwenye nyumba anasema ndiyo njia ya wazee.*
Mwambie kwa heshima kwamba wazee walichoma majani na makuti. Plastiki nyingine, hasa ya mabomba na nyaya za umeme, ikiungua inatoa tindikali na sumu zinazokaa mwilini miaka mingi. Akikataa bado, mwonyesheni daftari la mauzo.