"Saikolojia Inasema": Namna ya Kucheka, Kisha Kuuliza Utafiti Ulifanywaje

Kila kundi la WhatsApp nililomo, la ukoo wetu kule Busia, la walimu wenzangu hapa Jinja, la wazazi wa darasa la mwanangu, halikosi posti inayoanza na "Saikolojia inasema". Picha ya mbuzi aliyenuna, na chini yake: saikolojia inasema anayenuna asubuhi ana akili nyingi. Nazipenda sana. Ukiwa na rundo la madaftari ya Kiswahili ya kusahihisha, mbuzi wa namna hiyo ni msaada. Lakini nimeona pia uchumba ukivunjika kwa sababu ya posti, na mtoto wa miaka minne akitabiriwa maisha mabaya kwa sababu ya posti. Ndiyo maana nawafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha tano namna ya kuzipokea, na hapa naiandika namna hiyo kwa yeyote mwenye simu.

Cheka kwanza

Ikichekesha, cheka, na uonyeshe kwamba umecheka. Weka emoji ya machozi ya kicheko, mshukuru aliyeituma, endelea na shughuli zako. Anayemjibu mbuzi kwa aya tatu za ukosoaji anavunja baraza, na siku akiwa na neno la maana hakuna atakayemsoma.

Ukishacheka, ondoa picha, ondoa utani, kisha andika pembeni sentensi iliyobaki. Ya mbuzi haibakizi kitu cha kumsumbua mtu. Lakini "mtoto asiyeweza kusubiri hatafaulu" ni dai juu ya binadamu, na mzazi akiliamini, kesho asubuhi atamtazama mwanawe kwa jicho lingine. Dai la namna hiyo ndilo la kukagua. Mengine yaache yapite.

Tafuta nani, wapi, mwaka gani

"Wanasayansi wamegundua" si jina la mtu. Chukua maneno makuu ya posti, yaweke Google pamoja na neno "utafiti", kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza, kwa kuwa taarifa nyingi za asili ziko kwa Kiingereza. Muhtasari wa utafiti kwa kawaida husomwa bure, na kwa kuwa ni maandishi matupu hauli bando. Usipopata mtafiti wala mwaka, kazi imeisha: ulikuwa utani, na ubaki utani.

Ukipata, soma. Kuna posti moja isiyozeeka: "Mwaka 1962 watu wa Tanganyika walicheka mwaka mzima bila kunyamaza." Sisi wa Uganda tunaisambaza kama habari za jirani, maana ilitokea Kashasha, upande wa Bukoba, na ukishavuka mpaka pale Mutukula uko mkoa uleule. Taarifa ya asili ipo. Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliichapisha mwaka 1963. Mambo yalianza tarehe 30 Januari 1962 kwa wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Hakuna aliyecheka mwaka mzima. Hali hiyo ilimshika mtu kwa saa chache, wengine hadi siku 16, ikija na kuondoka. Kilichochukua miezi ni kuenea kwake, wasichana waliporudishwa makwao. Tena kicheko kilichanganyika na kilio na mahangaiko, na baadhi yao walipigana walipozuiwa.

Wale walikuwa watoto wenye dhiki, mbali na mama zao. Posti hiyo mimi siichekei. Ikitumwa, naandika mistari minne ya habari hizi chini yake, bila kumkaripia mtu, na mara nyingi aliyeituma ndiye wa kwanza kusema "kumbe".

Uliza waliopimwa ni watoto wa nani

Jirani yangu hapa Walukuba alitumiwa video ya watoto wa Kizungu wakihangaika mbele ya peremende laini, marshmallow. Wanaosubiri wanapewa ya pili, na posti inasema hao ndio watakaofanikiwa. Akamwekea mwanawe kabalagala moja, kile kitafunwa cha ndizi cha kukaanga, kwenye sahani, akamwambia: nikirudi ukiwa hujaila, nakuongeza. Alifika mlangoni tu, mtoto ameshameza. Alikuja kwangu na huzuni ya kweli, ananiuliza kama mtoto huyu wa kuchezea kwenye vumbi amekwisha kuharibika.

Nilimweleza hivi. Majaribio hayo ni ya mwanasaikolojia Walter Mischel, yaliyofanyika mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Watoto wengi pale walikuwa wa watu wa chuo. Mwaka 2018 watafiti wengine walichambua habari za watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali. Uhusiano kati ya kusubiri na kufanya vizuri shuleni baadaye ulitoka karibu nusu ya ule wa kwanza, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, ukabaki mdogo sana. Mwaka huohuo ulitoka utafiti mwingine uliolinganisha watoto wa Ujerumani na watoto wa wakulima wa Nso, Kameruni. Wa Nso waliosubiri walikuwa karibu 70 kwa kila 100. Wa Ujerumani hawakufika theluthi. Kama kusubiri ndiko kunakoamua utajiri wa watu, Kameruni ingekuwa inaikopesha Ujerumani.

Upo na wa 2013 ninaoupenda zaidi. Kabla ya jaribio, mtu mzima alimwahidi mtoto vifaa vizuri vya kuchorea. Kwa watoto wengine alitimiza, kwa wengine alirudi mikono mitupu. Waliotimiziwa walisubiri peremende yao kwa wastani wa dakika 12, waliovunjiwa ahadi dakika 3. Mtoto anampima mtu mzima kabla hajajipima mwenyewe. Watoto walikuwa 28 tu, kwa hiyo nao nauuliza maswali yaleyale, hata kama unasema ninachotaka kusikia. Nilimkumbusha jirani yangu kwamba nyumbani kwake wako watoto watano, na kabalagala inayoachwa sahani moja huliwa na kaka mtu. Mwanawe alifanya hesabu sahihi.

Uliza kilichopimwa, na kama kuna aliyerudia

Chukua kalamu uibane kwa meno, midomo isiiguse. Mashavu yanapanda kama ya mtu anayetabasamu. Sasa ibane kwa midomo peke yake: mashavu yanashuka. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Fritz Strack na wenzake waliwapa wanafunzi vikaragosi vya kuchekesha wakiwa wamebana kalamu hivyo, wakawaambia wavipe alama za uchekeshaji kutoka 0 hadi 9. Wa meno walitoa wastani wa 5.14, wa midomo 4.32. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, isiyofika alama moja, tukapata posti zote za "jilazimishe kutabasamu, ubongo utakuamini".

Mwaka 2016 maabara 17 zilirudia jaribio kwa washiriki karibu 1,900. Tofauti ikashuka hadi 0.03, yaani kama hakuna. Strack hakunyamaza. Alisema safari hii washiriki walikuwa wanarekodiwa kwa kamera, na anayejua anatazamwa hachezi na hisia zake kwa uhuru. Hiyo ni hoja halali, na ndivyo mabishano ya utafiti yanavyotakiwa kwenda: mtu anataja kitu kinachoweza kupimwa, wenzake wanakipima. Mwaka 2022 likaja jaribio kubwa la nchi 19. Kuiga tabasamu kuliongeza furaha kidogo. Kwa kalamu, ushahidi haukuwa wazi.

Kurudia ni muhimu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2015 kikundi cha watafiti kilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa bahati tu, yalipatikana tena katika 36 kwa kila 100. Kwa hiyo nikiona mtu aliyefiwa anaandikiwa "tabasamu, saikolojia inasema utapona", naumia. Alama za vikaragosi hazikuwahi kupima msiba.

Pima umbali kati ya utafiti na posti

Hapa pananigusa kwa kuwa ni nyumbani. Vijana wetu sasa wanagawana aina za mapenzi: huyu ana mshikamano salama, yaani anamwamini mwenzake, yule mkwepaji, anakwepa ukaribu, mwingine mwenye wasiwasi, anahofia kuachwa. Mpwa wangu aliachana na mchumba wake kwa kuwa mchumba huyo alikuwa anajibu ujumbe saa nne usiku, na posti ikasema mkwepaji habadiliki. Kijana wa watu alikuwa anaendesha lori la Malaba.

Mizizi ya maneno hayo iko Buganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, alikuja Kampala mwaka 1954, akawatembelea akina mama wa vijiji vya karibu, familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi kadhaa. Alikaa sebuleni mwao na mkalimani, akitazama mtoto analia lini, anamfuata nani, anatulizwa vipi. Kwangu mimi hiyo ni kazi ya heshima: muda mrefu, nyumba halisi, mama akiwa na wageni wake na kazi zake. Baadaye, Marekani, yeye na wenzake walitunga jaribio la dakika kama 20 ndani ya chumba kigeni, mtoto akiachwa kisha mama akirudi. Na kuyapeleka hayo kwa wapenzi watu wazima kulitoka kwa watafiti wawili, Hazan na Shaver, mwaka 1987, kwa dodoso lililochapishwa katika gazeti la Denver, Rocky Mountain News, ambapo wasomaji 620 walijieleza wenyewe.

Ifuate njia hiyo kwa kidole: mtoto wa Buganda anayetambaa, chumba cha Marekani, dodoso la gazeti linalojibiwa na aliyependa kujibu, halafu posti ya TikTok. Kila hatua ina tafiti zake, nyingine nzuri. Hakuna hata moja iliyompima dereva wa lori kwa saa anayojibu ujumbe.

Kujibu bila kuvunja heshima

Kwa mkubwa wako, usimtumie kiungo. Tanguliza kicheko, kisha swali moja tu. Kwa shangazi yangu niliandika: "Shangazi, habari za jioni. Nimecheka mpaka watoto wakauliza kuna nini. Hivi hao watoto waliopimwa walikuwa wa wapi?" Akajibu hajui, na kesho yake akaliuliza swali hilohilo yeye mwenyewe chini ya posti ya mtu mwingine. Ujumbe wa sauti unafaa zaidi kwa wazee, kwa sababu wanasikia kwamba hujakasirika. Usizidi dakika moja.

Kwa aliye na cheo, mfuate faragha. Kwa rika lako, uliza palepale kundini, na ukiulizwa chanzo chako, kitaje: jina, mwaka, idadi ya waliopimwa.

Ikiwa posti imeshaanza kuamua jambo, posa, adhabu ya mtoto, dawa za mgonjwa, acha kuandika. Piga simu, na kama ni karibu panda boda ufike, ukae na mwenye jambo mpaka akueleze ni nini hasa alichokiona kwa mtoto wake au mchumba wake kabla ya posti kuja.