Jinsi ya kusoma majibu ya DNA yakikwambia una damu ya Viking

Kwanza usirukeruke, ile asilimia ya Skandinavia inakulinganisha na watu walio hai leo, haisemi babu yako alikuwa mvamizi. Uviking ulikuwa kazi bana, ya kuvamia na kufanya biashara kwa meli kutoka Skandinavia (Norway, Sweden, Denmark) miaka elfu moja hivi iliyopita, sio kabila, utafiti wa 2020 ulipima mifupa ya watu 442 wa kale na huko Orkney, visiwa vya Scotland, wakakuta jamaa wamezikwa na mapanga ya kiviking kabisa ila DNA yao ya wenyeji wa Scotland!

Afu cheki pande zote mbili, kromosomu Y (DNA ya wanaume) inafuata baba tu, mitokondria (DNA ndogo ya pembeni kwenye seli) mama tu. Iceland upande wa baba wengi wametoka Skandinavia, wa mama wengi Ireland na Scotland, wengine waliletwa utumwani.

Mwisho angalia ramani, jina la kijiji cha ukoo Uingereza likiishia na -by kama Grimsby au Whitby, Waviking walikaa hapo. Kofia za pembe sahau, hawakuvaa.