Somo: Pikapu inavuma chini, tafuta mlio ulipo kabla ya kushusha difu

Pikapu ikianza kulia "uuuu" ukifika kilomita 50 kwa saa, lawama ya kwanza huangukia difu, lile sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Mara nyingi ndiyo yenyewe, lakini sauti husafiri kwenye chesisi: beringi ya gurudumu la mbele husikika kama iko chini ya kiti cha dereva, na giaboksi ikasikika nyuma kwenye bodi. Kushusha difu bure ni kupoteza siku, na difu iliyofunguliwa ikafungwa bila vipimo hurudi na mlio ambao haikuwa nao. Somo hili ni la Hilux na wenzake wenye giaboksi ya mkono.

Suali la kushikilia muda wote ni moja: mlio unafuata nini? Injini, mwendo wa magurudumu, au mguu wako kwenye aksileta?

Hatua ya 1: gari imesimama

Tia fri, vuta handibreki, panda mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika. Ukisikia mlio ule ule, achana na difu, maana haizunguki. Kanyaga klachi. Mlio ukipotea, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi au za ndani yake. Ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Usipobadilika kabisa, sogea mbele ya injini: altaneta, pampu ya stelingi, beringi ya kukazia mkanda.

Hatua ya 2: tairi

Hii hurukwa, na ndiyo rahisi kuliko zote. Tairi za meno makubwa, au zilizolika kwa mawimbi, huvuma kama difu mbovu. Toka kwenye lami uingie barabara ya kifusi kwa mwendo ule ule. Mlio ukibadilika au ukafa, ni tairi. Kama huna hakika, ongeza upepo bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni, urudie. Difu haijui upepo wa tairi.

Hatua ya 3: barabarani

Hapa ndipo penye kazi, usiharakishe. Zima redio, funga vioo, toa jeki, spana na minyororo inayogongana nyuma. Kwa walioko Pemba, barabara ya Chake Chake kwenda Mkoani inafaa sana kwa vilima vyake. Unguja tumia kipande kirefu kilichonyooka, kama Tunguu kuelekea kusini, wakati hapana magari mengi.

Panda mpaka 70. Kwanza vuta: kanyaga aksileta gari iongeze mwendo. Kisha elea: shikilia mguu, gari isiongeze wala isipunguze. Kisha achia mguu, gia ikiwa ndani, injini iizuie gari.

Mlio ukiwa mkubwa unapovuta na kupungua unapoachia, meno ya krauni (gia kubwa ndani ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) yamelika au yamepangwa vibaya. Ukitokea unapoachia tu, shuku beringi za pinioni au nati yake iliyolegea. Ukiwapo hali zote tatu bila kujali mguu, ni beringi: ya pinioni, ya kando ya krauni, au ya gurudumu.

Kuzitenganisha, sikiliza ukali wa sauti. Tairi lenye mzunguko wa mita 2.2 huzunguka kama mara 7 na nusu kwa sekunde ukiwa kwenye 60. Pinioni ya difu yenye uwiano wa 4.1, yaani mizunguko 4.1 kwa mmoja wa gurudumu, huzunguka mara 31 kwa muda huo huo. Kwa hiyo beringi ya pinioni hulia nyembamba, na ya gurudumu hunguruma nzito. Ya gurudumu pia hubadilika ukiyumbisha usukani taratibu: ukikata kushoto, uzito huenda kulia; mlio ukizidi hapo, tizama upande wa kulia.

Sasa gia. Kwenda 60 kwa gia ya nne, kisha ya tano, kisha ya tatu. Mlio usipobadilika, uko nyuma ya giaboksi. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja, bila kuyabebesha mzigo meno ya shafti ya chini, ile ya pili ndani ya giaboksi. Mlio unaonyamaza kwenye nne na kurudi kwenye gia nyengine unatoka kwenye shafti hiyo au beringi zake. Unaolia gia moja tu ni meno ya gia hiyo.

Krosi (viungo) za propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, hazivumi. Hugonga "tak" unapoanza kuondoka, au hutetemesha gari. Senta beringi, inayoishika propela katikati, ndiyo huvuma, tena katikati ya gari.

Hatua ya 4: juu ya stendi

Weka ekseli ya nyuma juu ya stendi mbili, zuia magurudumu ya mbele kwa kabari. Kwenye mchanga weka ubao mpana chini ya stendi. Jeki peke yake haitoshi. Mtu mmoja awe ndani, gia ya tatu, mwendo wa taratibu. Mwengine asimame ubavuni, si chini ya propela, na aguse nyumba ya difu kwa chuma kirefu, ncha nyengine karibu na sikio. Pinioni iko mbele ya difu, beringi za krauni ubavuni, za magurudumu mwisho wa ekseli. Kikoi na shati la mikono mipana viachwe nyumbani siku hiyo.

Zima injini, ushike flenji ya pinioni (sahani inapofungwa propela) kwa mikono miwili, uitikise. Kuzunguka kidogo ni kawaida. Ikipanda na kushuka, au ikiingia na kutoka, beringi zimekwisha.

Hatua ya 5: oili

Fungua nati ya kujazia kwanza. Ukimwaga kabla, kisha ya kujazia ikakataa kufunguka kwa kutu, gari imekufa hapo ilipo. Ingiza kidole: oili iwe mdomoni mwa tundu, au isizidi milimita 5 chini yake. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Magamba yanayong'aa au vipande vya meno si kawaida. Difu ya kawaida hutumia oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90. Ya giaboksi fuata kitabu cha gari, kwani baadhi ya oili za GL-5 hula shaba ya ndani.

MASUALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Wete: Assalaam alaykum fundi. Yangu inalia nikiteremka mlima tu. Kijana wa gereji anataka kukaza nati ya pinioni. Nimruhusu?

Jibu: Waalaykum salaam. Usimruhusu bado, bwana. Difu nyingi za Hilux zina bushi ya kubonyea katikati ya beringi za pinioni. Ikishabonyea hairudi. Ukikaza kupita kiasi, beringi hubanwa, huchemka na kuungua. Dawa ni kufungua, kupima beringi, kutia bushi mpya na kukaza kidogo kidogo huku ukipima ukazo wa kuzunguka. Uchezaji wa meno ya krauni upimwe kwa geji ya mshale. Wa difu hizo nyingi ni milimita 0.13 hadi 0.18.

Mwanachama, Mkokotoni: Napakia dagaa ufukweni, maji hufika kwenye ekseli. Oili imetoka rangi ya chai ya maziwa.

Jibu: Maji ya chumvi yameingia. Difu yenye moto ikizama kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia kipumulio (tundu la hewa la difu) kibovu au oili sili (mpira wa kuzuia oili). Mwaga leo, si wiki ijayo, kutu huanza mapema. Tia oili mpya ya bei nafuu, endesha kilomita chache, mwaga ikiwa moto, rudia mpaka itoke safi, ndipo utie ile nzuri. Kipumulio kifunge mpira mrefu ukipandishe mpaka juu ya chesisi. Beringi za magurudumu ya nyuma nazo zikaguliwe.

Mwanachama, Chake: Fundi, nikichanganya grisi na oili si mlio utakwisha?

Jibu: Utapungua kwa muda, ndiyo maana wauza magari hufanya hivyo. Krauni hurusha oili ipite njia yake mpaka beringi za pinioni. Grisi haifiki, na beringi hufa kimya kimya. Ukinunua pikapu, tia kidole kwenye tundu la difu kabla ya kulipa.

Mwanachama, Fuoni: Nimeletewa difu ya mtumba kutoka Dar. Inaingia nyuma, lakini gari ni ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ina difu ya mbele pia.

Jibu: Hesabu meno kwanza, dada. Krauni 41 kwa pinioni 10 ni 4.1, 43 kwa 11 ni 3.9. Uwiano wa difu ya mbele hupimwa ikiwa kwenye gari: inua gurudumu moja tu, hakikisha haba (vitovu vya magurudumu ya mbele) zimefungwa na gia ya magurudumu manne imetolewa, zungusha gurudumu mara mbili kamili, uhesabu mizunguko ya propela ya mbele. Difu mbili zisipolingana uwiano, ukitia magurudumu manne kwenye lami zitavutana mpaka transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) ivunjike. Krauni na pinioni zinunuliwe pamoja, usichukue moja ya huku na moja ya kule, zilisuguliwa pamoja kiwandani.