Namna ya kuwashukuru watumishi na wanaojitolea: anza na daftari

Nashughulikia utawala kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu hapa Moshi, upande wa Pasua. Watumishi wa mshahara ni wachache. Wengi wanajitolea: vijana waliomaliza chuo wanaosubiri ajira, muuguzi mstaafu, akina mama ambao watoto wao wanahudumiwa hapa hapa, na wageni kutoka nje wanaokaa wiki chache. Wenzangu wa vituo vingine, hata wa Arusha, huniuliza tunafanyaje hadi watu wetu wanadumu wakati hatuna fedha ya kuwapa. Ninachojua ni kwamba mtu anataka kazi yake ionwe, itajwe kama ilivyo, na imfae hata akishaondoka.

Kabla ya yote, malizana naye haki zake. Mshahara utoke kwa tarehe yake. Nauli ya anayejitolea isikae mezani kwako ikisubiri saini wakati yeye anakopa ya kupandia daladala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28, na anapoondoka kazini anastahili kupewa cheti cha utumishi. Hivyo ni vyake. Usivitaje kwenye hotuba kana kwamba bodi imemfadhili, maana watu wanasikia na wanaweka moyoni.

Hilo likikaa sawa, nunua kaunta buku moja uiweke ofisini mahali ambapo kila mtu anaifikia. Humo yeyote anaandika alichoona mwenzake amefanya: tarehe, jina, na tendo lenyewe. Usikubali maneno kama "anajituma" au "ana moyo". Yanamfaa kila mtu, kwa hiyo hayamwelezi yeyote. Andiko zuri linasomeka hivi: "Jumanne, mvua kubwa, bodaboda hazipiti. Mama wa jikoni alitoka na mwavuli hadi barabara ya lami, akambeba mtoto mgongoni mpaka darasani, kisha akarudi kuwasha moto wa uji." Mistari mitatu tu, na ukiisoma mbele ya watu mwaka ukiisha, hakuna atakayeuliza kwa nini mama huyo anashukuriwa.

Angalia pia nani hayumo. Mlinzi wa usiku huondoka kabla ofisi haijafunguliwa, na anayefua mashuka yuko uani. Usipolisimamia hilo, kurasa zitajaa majina ya walioko mbele ya macho ya mkurugenzi. Mimi kila mwisho wa mwezi napitia orodha ya watu wote, na jina ambalo halijatokea namfuata mwenyewe kazini kwake, nakaa, naangalia anachofanya.

Sasa barua. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kwa kijana anayejitolea hakuna shukrani inayoizidi. Vyeti vya rangi rangi vyenye maneno "kwa kutambua mchango wako" havimsaidii kwenye usaili. Anayemhoji anataka kujua huyu anaweza kufanya nini. Kwa hiyo badala ya "alishirikiana nasi vizuri", andika: "Kwa mwaka mzima, kila Jumatatu na Alhamisi, aliwafanyisha watoto wenye mtindio wa ubongo mazoezi ya viungo chini ya usimamizi wa mtaalamu, akajaza kumbukumbu za kila mtoto, na akawafundisha wazazi namna ya kuendeleza mazoezi nyumbani." Taja alianza lini na alimaliza lini. Tumia karatasi yenye nembo ya kituo, piga mhuri, weka jina, cheo na namba ya simu ya aliyesaini. Mpe akiwa bado yupo, asije kuhangaika kuifuata akiwa ameshahamia Dodoma. Ukiwa na kaunta buku, barua kama hiyo haikuchukui nusu saa, maana kila kitu kimeshaandikwa.

Kuna jambo linaniuma, na kwa mji kama wetu, wenye wageni wengi wanaokuja kujitolea, halikwepeki. Mgeni akimaliza wiki tatu anaagwa kwa keki, nyimbo za watoto, kitenge cha kujifunga na picha ya pamoja. Ni vizuri, ametoka mbali na amefanya kazi. Lakini pembeni amesimama binti wa Majengo ambaye amekuja miaka miwili bila kukosa, ndiye aliyemfundisha mgeni huyo namna ya kumlisha mtoto asipaliwe, na siku hiyo kazi yake ni kupiga picha. Weka utaratibu mmoja kwa wote: kinachofanyika kwa mgeni kifanyike kwa mwenyeji. Ukimuaga mgeni, mwite mbele na aliyemfundisha, utaje kazi ya wote wawili. Na kwenye ripoti ya wafadhili, mwandike huyo binti, kwa ridhaa yake.

Utaratibu wa Mei Mosi wa kumtangaza mfanyakazi bora unafaa kwenye taasisi kubwa. Kwenye kituo cha watu kumi na wachache mimi siupendi. Ukimchagua mmoja, wengine wanaanza kuhesabu, na aliyechaguliwa ndiye anayepata taabu. Sisi tunafanya siku moja Desemba, karibu na tarehe 5, ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kujitolea. Kwa Moshi wakati huo ni mzuri, kwa sababu ukisogea kuelekea Krismasi watu wameshapanda migombani, makwao mlimani, Kibosho, Marangu, Rombo, na mji unajaa waliotoka mbali. Kila mtu anasomewa andiko moja kutoka kwenye daftari. Mtori na ndizi nyama vinaagizwa nje. Mama wa jikoni asipike siku hiyo, akae kwenye kiti, na wakubwa wa ofisi ndio wabebe sahani. Tunaanza asubuhi mapema, zamu zinapobadilishana, ili mlinzi wa usiku awepo.

Wapo wasiopenda kusimamishwa mbele. Muuguzi wetu mstaafu ni mmoja wao. Kwake napeleka barua nyumbani, tunakunywa chai, basi. Muulize mtu mapema, na usirushe picha yake kwenye kundi la WhatsApp kabla hajakubali.

Msiba sihitaji kuueleza sana kwa watu wa huku. Anayejitolea akifiwa, kituo kiende kama kinavyokwenda kwa mwajiriwa: rambirambi, gari, na mkubwa mmoja wa ofisi awepo mazikoni, hata kama ni juu kabisa Rombo. Panga fungu hilo kwenye bajeti ya mwaka, kwa sababu ukisubiri tukio litokee utakuta fedha yote imefungwa kwenye miradi.

Nakala za barua zote zihifadhiwe kwenye faili moja, na madaftari yaliyojaa yasitupwe. Watu hurudi baada ya miaka kuomba barua nyingine, pengine aliyesaini ya kwanza ameshaondoka, na ni hizo kurasa zitakazomwezesha mkurugenzi mpya kuandika ukweli kuhusu mtu ambaye hakuwahi kumwona.