Kuchuma majani ya chai porini bila kujitia sumu

Hapa Tanga mchaichai, mrehani na mvumbasi vinawatosha wanywaji wengi, na sina neno navyo. Matatizo huanza tunapoingia vichakani, nyuma ya mashamba ya mkonge, kutafuta majani ya "kusafisha damu". Kazi yangu ni kukausha na kufunga chai ya majani. Huu ndio utaratibu wangu.

1. Chuma mmea ukiwa na ua au tunda, ndipo utautambua. Mnanaha, mmea wenye sumu, huota majalalani na katikati ya mahindi: jani lina meno, ua refu jeupe au zambarau lenye mdomo mpana, tunda la duara lenye miiba. Ukiponda jani linanuka vibaya. Ukiuona, chumia kwingine.

2. Kikapu kimoja, mmea mmoja. Chambua siku ileile juu ya kitambaa cheupe, maana majani yakishakauka na kuvunjika hakuna jicho la kuyatenganisha. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mnanaha uliingia kwenye unga wa lishe wa msaada; watu watano walifariki, karibu 300 wakaugua. Na huo ulikuwa unga wa kiwandani!

3. Usitegemee moto. "Si imechemka?" Imechemka, ndiyo, vijidudu vimekufa. Lakini sumu za mnanaha, atropini na skopolamini, hazimalizwi na jiko, na maji ya moto ndiyo yanayozitoa kwenye jani.

4. Marejea nayaogopa kuliko mnanaha. Utayajua kwa maua ya njano na maganda yaliyovimba. Yakikauka, ukiyatikisa mbegu zinalia. Baadhi ya aina zake zina sumu inayoziba mishipa midogo ya ini. Jamaika, miaka ya 1950, madaktari waliona watoto wenye ini lililovimba na tumbo lililojaa maji, chanzo kikiwa chai za vichakani. Mtu anakunywa kikombe kila asubuhi, wiki zinapita, na akianza kuumwa hakuna anayeikumbuka chai. Ndiyo maana mjamzito, anayenyonyesha na mtoto siwauzii cha porini, hata wanibembeleze. Anayemeza dawa za presha au kisukari amuulize daktari kwanza.

5. Dalili za mnanaha: kinywa kikikauka, mboni zikapanuka, ngozi ikawa nyekundu na ya moto, moyo ukaenda mbio, mtu akaanza kuweweseka: usimtapishe, usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali, Bombo kwa mlio mjini. Beba masalia ya chai na tawi bichi kama lipo. Mwambie daktari amekunywa saa ngapi na vikombe vingapi, hata kama aliyeipika ni bibi na mnaona haya kumtaja.