Jinsi ya Kuchagua Gari la Kazi kwa Biashara ya Bustani Hapa Malindi

Anayeanza biashara ya kutengeneza bustani mjini Malindi huwa tayari amenunua mashine ya kukata nyasi, mapanga, reki na mipira ya maji kabla hajawaza habari za gari, na akifika kwenye gari huanza kwa kuuliza bei na rangi. Mimi pia nilianza hivyo. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa ya kabini mbili, gari zuri la kupeleka watu harusini, ila bodi yake ya kubebea mzigo ilikuwa na urefu wa mita moja na nusu tu. Siku niliyoijaza mchanga ulionyeshewa, springi za nyuma zililala kabisa, nikavuka daraja la Sabaki jioni ile taa za mbele zikimulika vilele vya minazi badala ya barabara.

Hatua ya kwanza: pima mzigo kabla ya kutazama gari

Kodi gari kwa mwezi mmoja, na kila siku uandike daftarini ulichobeba, kiasi chake na mahali ulipokipeleka. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban kilo 1,600, na mchanga huo ukilowa hukaribia kilo 2,000. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima ya maji, bila kuhesabu tangi lenyewe. Mawe ya Mazeras, ambayo wenye nyumba wengi huyapenda kwa vijia na pembeni mwa bwawa la kuogelea, yakiwa na unene wa sentimita 3 hufika karibu kilo 70 kwa kila mita mraba, hivyo ua mdogo wa mita mraba 40 unadai karibu tani tatu za mawe.

Kwa upande mwingine, makuti, kaka za nazi na matawi ya michongoma hujaza bodi hadi juu ilhali uzito wake ni mdogo. Ukishaona katika daftari ni mzigo upi unaokurudia zaidi, uamuzi huwa mwepesi. Ikiwa kazi yako kubwa ni kukata nyasi, kupogoa na kuzoa taka, pikapu ya kabini moja yenye bodi ya mita mbili na zaidi inatosha, nawe uifungie mbao za kuinua kuta za bodi. Ikiwa unabeba zaidi ya tani moja mara mbili au tatu kwa wiki, tafuta lori dogo la aina ya Canter au Isuzu NKR. Mawe ya mara moja kwa mwezi si sababu ya kununua lori, kwa kuwa lori la kukodi litakugharimu kidogo kuliko tairi sita zinazozeeka uani kwako. Kumbuka pia kwamba uwezo wa pikapu wa tani moja unawahesabu watu na vifaa: vijana wanne pamoja na mashine na mafuta yake hula kilo 300 kabla hujapakia hata koleo moja la samadi.

Hatua ya pili: pima mlango wa mteja

Nyumba nyingi za upande wa Casuarina na Silversand zina malango membamba, na juu yake upinde wa bogenvilia ambao mwenyewe hataki uguswe. Nenda na futi ya kupimia, upime upana na kimo. Ukishaingia, uliza shimo la maji machafu liko wapi, kwa sababu mara nyingi limefunikwa kwa zege jembamba na nyasi zikaota juu yake. Lori nililokodi liliwahi kukanyaga zege la namna hiyo, gurudumu la nyuma likazama, na faida ya bustani nzima ikaishia kulipia zege jipya.

Hatua ya tatu: itafute kutu kabla haijakutafuta

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na gari lililolala ufukweni miaka mitano linaweza kung'aa juu huku chasisi yake imeoza. Lala chini ya gari na bisbisi mkononi, uchokoe mahali springi zinaposhikana na chasisi, vipande vya kukingama kati ya mihimili miwili, na mabomba ya breki. Chuma kizima hulia. Kilichooza hupokea bisbisi kimya kimya. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari kuukuu hunitia shaka kuliko kutu ya wazi. Ukishanunua, osha sehemu ya chini kila wiki, lakini onja maji kwanza, kwani visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kuliongezea ugonjwa.

Hatua ya nne: zitazame njia zako

Kwenye mchanga laini wa vichochoro vya Mayungu, magurudumu pacha ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele, basi hujichimbia njia mpya na kuzama. Kama wateja wako wako huko, pikapu ya kuvuta magurudumu manne inastahili mafuta yake. Kama wako kando ya lami, kati ya Malindi na Watamu, usiilipie.

Hatua ya tano: karatasi

Hakiki jina la mwenye gari katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na uone kama gari lina mkopo. Chukua bima ya biashara ya kubeba mizigo yako mwenyewe, na ukumbuke kwamba gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Lori linalozidi kilo 3,500 pamoja na mzigo linataka dereva mwenye leseni ya daraja C1.

Hatua ya mwisho: lijaribu likiwa limebeba

Gari tupu halisemi kitu. Mwombe muuzaji mpakie mifuko 15 ya saruji au mchanga wa uzito huo, kisha mwende hadi Gede na kurudi. Sikiliza klachi mnapoondoka, tazama kama breki zinalivuta upande mmoja, na mkifika chungulia chini kuona kama springi zimebakiza nafasi kabla ya kugusa ekseli. Muuzaji akikataa safari hiyo, rudi nyumbani na pesa zako.